Kadi Zilizotoka Ukutani

Pini ya tatu iligoma kutoka. Niliisukuma huku na huku kwa ncha ya mkasi mpaka ikalegea, nikaidaka kabla haijaangukia nyuma ya kabati, na kadi ya *jikongoja* ikanijia mkononi. Nyuma yake niliandika kwa penseli: Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, bombani, msichana wa kidato cha pili akimwambia mwenzake, "Tangulia, mimi najikongoja tu." Kisha nikaitia kwenye kopo la maziwa nililolibandika karatasi iliyoandikwa HAI.

Ilikuwa kadi ya kumi na moja.

Ukutani zilibaki themanini na tano. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, nilikuwa nawapa wanafunzi wa kidato cha pili maneno sita mapya. Mapya kwao, maana lugha ilikuwa nayo siku nyingi. Nilikuwa nakata kadi kutoka kwenye maboksi ya chaki, naandika neno kwa wino mweusi, tunalizungumza, kisha kadi inapigwa pini kwenye ukuta wa nyuma wa maktaba. Wiki kumi na sita, maneno tisini na sita.

Mimi si mwalimu. Barua yangu ya kazi inasema mtunza maktaba: kufuta vumbi, kugundisha migongo ya vitabu vilivyoachana na majalada yao, kuandika nani kachukua nini na atarudisha lini. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyaokota rafuni, nikifuta na kusoma, kusoma na kufuta. Mwalimu wa lugha alipokwenda likizo ya uzazi, Mkuu wa shule aliniomba nikae na darasa lake kipindi kimoja ili wasipige kelele. Mwalimu aliporudi na mtoto mgongoni akasema, "Hicho kiache kwa Bi Kadi, mimi nina insha themanini za kusahihisha." Bi Kadi ni jina nililopewa na wanafunzi, na sina neno nalo.

Lile kopo lilikuwa na kanuni zake. Neno lililokaririwa darasani si lazima liwe limejulikana. Kasuku naye hukariri. Kwa hiyo nilijiwekea masharti matatu: nilisikie kwa masikio yangu mwenyewe, nje ya darasa, na msemaji asiwe ameulizwa wala kuombwa. Likitimiza hayo, kadi yake inatoka ukutani na kuingia koponi. Limehama, nilikuwa najiambia. Limekwenda kuishi na watu. Masharti hayo sikumwambia mwanafunzi hata mmoja, nikichelea kwamba wakijua watakuwa wanasema ili kunifurahisha.

"Bi Kadi, upo?"

Alikuwa Mkuu wa shule, mlangoni, kanga begani, miwani ikiwa juu ya kichwa na ratiba ya muhula ujao mkononi.

"Nipo, Mwalimu. Karibu."

Hakukaa. Mkuu wetu anapokuwa na habari nzito huisema akiwa amesimama, halafu ndiyo hukaa.

"Mwalimu wa hesabu anakitaka kipindi chako cha Ijumaa. Kidato cha pili hawajui sehemu, anasema ukiwapa robo na theluthi wanazikimbia kama nyuki. Ratiba naifunga Alhamisi mchana."

"Alhamisi hii?"

"Hii hii." Ndipo akakaa. "Mimi sina ubaya na kipindi chako, dada yangu. Lakini nikiulizwa kinazaa nini, nijibu nini? Kwamba ukuta umependeza?"

Nilitazama kopo. "Nina hesabu, Mwalimu. Si kubwa."

"Ngapi?"

"Kumi na moja. Kati ya tisini na sita."

Alishusha miwani ikakaa mahali pake, akanitazama. Nadhani alitaka niongeze jambo.

"Alhamisi, saa nne," alisema. "Ukiwa na zaidi ya hizo, njoo nazo. Ukiwa nazo hizo hizo, njoo tu."

Alipoondoka nilizimwaga zile kadi mezani, nikazipanga kwa tarehe. Kitu kimoja sikuwahi kukiona kabla ya hapo. Maneno hayo yalikuwa yamekuja moja moja, kwa mwendo karibu sawa, kila baada ya siku kumi hivi. Maneno yaliyozoeleka huja kama mvua, mara manyunyu, mara mafuriko, mara kavu mwezi mzima. Haya yalikuwa yanakuja kama dozi ya dawa. Niliandika swali pembeni ya daftari langu: *Kwa nini siku kumi?* Kisha nikaenda jikoni kutafuta chai.

Mpishi wa shule, ambaye wanafunzi wote humwita Shangazi, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mawe kulia, mbegu zilizotobolewa kushoto.

"Kaa, hicho kigoda hakiumi," alisema, akanimiminia kikombe bila kuombwa. "Ila ngoja itulie kwanza, usije ukanywa mashapo."

Nilikishika kikombe bila kukinyanyua. "Dada, umesemaje?"

"Nimesema ngoja. Au siku hizi kungoja ni dhambi?"

"Hilo neno. Mashapo."

"Kwani ni tusi?"

"Si tusi. Ni yale yanayotuama chini. Umelipata wapi?"

"Kwa hao wanao!" Alirusha jiwe dogo nje ya mlango. "Kila saa nne, dirishani hapo. 'Shangazi, leo chai ina mashapo. Shangazi, sisi umetupa mashapo, chai umempa nani?' Nikamuuliza mmoja, mashapo ndiyo nini? Akanieleza kama mwalimu, na mkono kiunoni."

"Tangu lini?"

"Ah! Muhula uliopita."

*Mashapo* yalikuwa kadi ya wiki ya tano. Bado yalikuwa ukutani, pini tatu, hayajaguswa. Na mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, nikijifanya kungoja kikombe.

"Mimi sijawahi kuwasikia," nilisema.

"Utawasikiaje na wanakufungia?" Aliinua ungo, akaupepeta mara mbili. "Ukitokea pale kwenye ngazi, mmoja anasema 'fungeni', wote kimya, kama maji ya mtungi. Nikadhani mmegombana."

Chai ilikuwa imetulia. Niliinywa bila kuionja.

Kutoka jikoni nilikwenda moja kwa moja getini. Sikutaka kuhukumu jambo kwa shahidi mmoja. Mlinzi wetu ni mtu wa maneno machache na vitasa vingi. Alikuwa anatia mafuta kufuli kubwa la lango.

"Jana nilitaka kumwandika yule kijana mrefu kwa kuchelewa," alinieleza nilipomuuliza habari za wanafunzi kwa jumla, "halafu nikaghairi."

"Zamani ulikuwa unasema ghairi, kaka?"

Alifikiri. Mafuta yalidondoka kwenye kiatu chake. "Hapana. Nilikuwa nasema nimebadili mawazo. Ndefu hiyo. Hili wamenipa wao, fupi, linafaa kazi ya getini."

"Mbele yangu hawalisemi."

"Mbele yako wanakohoa." Alinionyesha, mara mbili, kavu. "Ukitokea kwenye kona ya maabara, mmoja anafanya hivyo. Nilidhani ni mafua yanazunguka. Nikawa nafunga mdomo kwa leso mwezi mzima."

Mchana ule nilitembea kwenda nyumbani taratibu. Naishi na dada yangu mkubwa, fundi cherehani, katika vyumba viwili ambavyo kimoja kimejaa nguo za watu wengine. Alikuwa amemkalisha mteja barazani, anapima mabega. Mteja alipoondoka nilimsimulia yote: kopo, siku kumi, fungeni, kikohozi.

"Wananicheka," nilimaliza.

"Umewasikia wakicheka?"

"Sijawasikia wakifanya chochote. Ndiyo shida yenyewe."

Alitoa pini mdomoni, akaichoma kwenye mto wake mdogo. Dada yangu hasemi akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo akisema ujue ameamua kusema.

"Ukiona kuku anakukimbia," alisema, "kabla hujamwita mjinga, tazama mkononi umeshika nini."

Nilikaa na hilo mpaka asubuhi. Jumanne nilikuwa na vitabu arobaini vya jiografia vya kugundisha, na wanafunzi walikuwa na mtihani wa majaribio, kwa hiyo sikumwita mtu. Lakini kila nilipopita mbele ya ukuta wa kadi niliyatazama yale matundu ya pini, matatu matatu, mahali kumi na moja, na mkasi ulikuwa unaning'inia kwenye kamba ya aproni yangu kama kawaida. Ndipo nikaanza kuhisi, bila kuwa na hakika.

Jumatano baada ya masomo niliwaita watatu. Wa kwanza kiranja wa darasa, msichana anayekaa wima hata kwenye benchi lisilo na mgongo. Wa pili kijana mrefu wanayemwita Mlingoti. Wa tatu msichana mdogo kuliko wote darasani, jina lake Nukta, kwa kuwa akishasema yeye, mjadala umekwisha.

"Hamna kosa," niliwaambia. "Nataka kujua tu. Nikipita mnanyamaza. Kwa nini?"

Mlingoti alitazama dari, ambayo kwake haikuwa mbali. Kiranja alinyoosha sketi.

"Bi Kadi, tukikuambia utakasirika?"

"Sijui. Sijalisikia bado."

Walitazamana. Nukta ndiye aliyesema.

"Unayang'oa."

"Ninang'oa nini?"

"Maneno. Ukiyasikia tu, unayang'oa."

Kiranja alidakia haraka, kama anayetaka kulifunika lile neno blanketi. "La kwanza lilikuwa *bumbuwazi*, Bi Kadi. Tulikuwa tunalipenda darasa zima. Mlingoti akalisema pale mlangoni, wewe ukatabasamu, ukaandika kitu, kesho yake tukakuta matundu ya pini tu."

"Tukajua limetolewa," alisema Mlingoti. "Kama mchezaji aliyepewa kadi nyekundu. Mimi ndiye niliyelaumiwa. Wiki nzima wananiita msaliti."

"Hamkuniuliza."

"Na wewe hukutuambia," alisema Nukta, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Alikuwa amesema kweli. Sikuwa nimewaambia. Nilivuta kiti, nikakaa, maana kusimama kulikuwa kunanipa ukubwa ambao dakika ile sikuuhitaji.

"Kwa hiyo mkaweka zamu ya kukohoa."

"Kukohoa ni nje," alieleza kiranja kwa utulivu wa mtu anayetoa taarifa. "Jikoni ni 'fungeni'. Bombani tunagonga ndoo."

"Na jikongoja? Juzi nimelisikia bombani waziwazi. Ndoo haikugongwa."

Kiranja alimtazama Mlingoti.

"Hilo tulikupa," alisema Mlingoti.

"Mlinipa?"

"Ulikuwa mnyonge, Bi Kadi. Ukikaa siku nyingi hujang'oa kitu unatembea umeinamisha kichwa, unatutia huruma. Basi tunapiga kura. Neno lisilo na wapenzi wengi, mtu anatumwa akaliseme karibu yako."

"Yote kumi na moja?"

"Kumi," alisahihisha kiranja. "Bumbuwazi ilikuwa bahati mbaya."

"Jikongoja lilipata kura tatu tu," alisema Nukta, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Mimi nililitetea. Bibi yangu anatembea hivyo hivyo. Hakuna neno jingine la kumfaa."

Sikumbuki nilicheka saa ngapi. Nakumbuka nilipoacha, kwa kuwa hesabu ilinijia kichwani: Mkuu alikuwa ananingoja kesho saa nne. Niliwaeleza. Niliwaeleza kila kitu, kopo na masharti yake matatu, na mwalimu wa hesabu, na ratiba.

Mlingoti alisimama pale pale. "Rahisi! Mwite Mkuu kesho gwarideni. Tutamwaga yote tisini na sita, kila mtu lake. Mimi naanza na *taadhima*."

"Mtakuwa mmeombwa," nilisema.

"Lakini tunayajua kweli!"

"Naamini. Kasuku naye angesema hivyo hivyo akiweza. Mkuu akiniuliza kama mliandaliwa, nitajibu nini?"

Mlingoti alikaa. Kiranja alikuwa ameiinua ile kadi ya jikongoja, anaigeuza, anasoma maandishi yangu ya penseli nyuma. Alisoma tarehe, saa, mahali. Alifungua kopo, akasoma nyingine, na nyingine.

"Kumbe ulikuwa unayatunza," alisema.

"Nilikuwa nayatunza."

"Basi zirudishe ukutani, Bi Kadi. Ukutani tunaziona."

Tulizirudisha sisi wanne. Nukta aliishikilia jikongoja mwenyewe, akasisitiza ikae chini, usawa wa macho yake.

Alhamisi saa nne kasoro dakika tano nilikuwa nje ya ofisi ya Mkuu na daftari langu kwapani. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini mlango ulipofunguliwa nikaona njia fupi ndiyo njia.

"Mwalimu, Jumatatu nilikuambia kumi na moja. Nimekuja kuirekebisha. Kwa kanuni yangu, ni moja."

"Moja!" Alivua miwani. "Watu wakipewa siku tatu huongeza, dada yangu."

Nilimsimulia kwa mpangilio, toka pini mpaka kura. Alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi. Nilipofika kwenye ndoo ya bombani midomo yake ilicheza kidogo, lakini hakucheka.

"Kwa hiyo mpishi kasikia," alisema, "mlinzi kasikia, wewe hukusikia."

"Ndiyo. Na yale ya mpishi na mlinzi ni maneno mawili. Yapo mengine, naamini, lakini kuamini si kusikia. Nikikuletea kipindi kwa imani tu, mwalimu wa hesabu ana haki ya kukichukua."

"Ana haki," alisema Mkuu. Ratiba ilikuwa mbele yake, miraba mingi imejazwa wino, mraba wa Ijumaa mwishoni uko mtupu. Alichukua kalamu. Nilitazama ncha yake ikiteremka, na kusema kweli sikuwaza maneno. Niliwaza kwamba Ijumaa saa nane nitakuwa natia gundi, na darasa litakuwa linakata theluthi.

Kalamu ilisimama.

"Hebu niambie," alisema polepole. "*Hamanika*. Ni lako?"

"Wiki ya tisa. Kuhangaika kwa wasiwasi, kukosa utulivu."

"Najua maana yake!" Aliisema kwa ukali, kisha akaishusha sauti. "Mwezi uliopita nilimkuta kijana mmoja wa kidato cha pili juu ya ukuta wa bustani. Nikapiga kelele, shuka, utavunjika! Akanitazama toka juu, kwa adabu zote, akasema, 'Usihamanike, Mwalimu, nashuka.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikampa siku tatu za kufyeka majani. Mtoto ananiambia mimi nisihamanike!"

Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa daftari kubwa jeusi lililochanika pembeni. Lilikuwa daftari la makosa. Mwaka juzi mzazi mmoja alikuja juu, akidai mwanawe kaadhibiwa bure. Tangu siku hiyo Mkuu aliamuru kwamba mwalimu wa zamu asiandike "alijibu vibaya". Aandike maneno aliyoyatamka mwanafunzi, kama yalivyotoka, na tarehe, na mahali. Mimi nilikuwa sijawahi kulishika. Si kazi ya maktaba.

Alilifungua mwanzo wa mwaka, akasogeza kiti chake upande wangu.

"Soma wewe. Mwandiko wa walimu wangu unaniumiza macho."

Ukurasa wa kwanza na wa pili haukuwa na kitu. Wa tatu nao. Nilianza kuona jasho kwenye kidole nilichokuwa nikifuatishia mistari. Ukurasa wa sita nilisimama.

"*Kachelewa dakika arobaini. Alipoulizwa sababu alijibu: Nilidamka mapema, Mwalimu, kisha nikaghairi.*"

Mkuu alitoa mlio mdogo puani. "Endelea."

"*Shati nje. Alipoambiwa achomekee alisema suruali inapwaya, akichomekea shati, suruali itabaki bila mlezi.*"

"Inapwaya ni lako?"

"Wiki ya tatu. Mlezi ni lake mwenyewe."

"Endelea, endelea."

"*Kioo cha bweni kimevunjwa. Alipoulizwa nani aliyevunja, alisema ana tashwishi.*" Niligeuza ukurasa. "*Wasichana wawili wamegombana chakulani. Chanzo: mmoja alimwita mwenzake mwenye gubu. Mwenzake alidai athibitishe.*"

Mkuu aliweka mkono mdomoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Na huyu hapa, chini?"

"*Kaamriwa aombe radhi mbele ya darasa. Akasema kashatahayari vya kutosha, akaomba apunguziwe.*"

Alicheka mpaka katibu wake akachungulia kutoka chumba cha pili. Alimpungia mkono aende. Kisha alifuta macho kwa ncha ya kanga, na uso wake ukarudi mahali pake taratibu.

"Masharti yako ni matatu," alisema. "Nje ya darasa?"

"Nje ya darasa."

"Hawakuombwa?"

"Waliombwa wanyamaze, Mwalimu. Wameyasema wakijua yatawaponza."

"La tatu, masikio yako mwenyewe. Hayo hatuna. Haya ni masikio ya walimu kumi na wawili na yangu. Hayafai?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana kanuni ukiivunja kwa furaha utaivunja tena kwa huzuni.

"Yanafaa," nilisema. "Ni bora kuliko yangu. Hayakuwa yanatafuta kitu."

Mkuu alivuta karatasi nyeupe, akachora mstari katikati kwa rula. Upande mmoja neno, upande wa pili ukurasa na tarehe. Nikawa nasoma, yeye anaandika. Mara mbili alininyamazisha, akabishana na mwandiko, akalikataa neno kwa kuwa aliyelisema alikuwa wa kidato cha nne na pengine alizaliwa nalo. Alikuwa mkali kuliko mimi. Ukurasa wa ishirini tulikuwa na tisa. Ukurasa wa ishirini na nane, kumi na nne. Kuna mahali aliacha kuandika, akasema kama anayejisemea, "Huyu wa kughairi alifyekeshwa wiki nzima."

"Lakini alichelewa kweli," nilisema.

"Alichelewa. Ila wiki nzima ilikuwa ya lile jibu." Aliweka alama ndogo ya penseli pembeni, sikuuliza ya nini.

Mwalimu wa hesabu aligonga, akaingiza kichwa. "Mwalimu, ile Ijumaa..."

"Ijumaa ina mwenyewe," alisema Mkuu bila kuinua macho. "Nitakutafutia nusu saa Jumatano kabla ya gwaride, ukiweza kuwadamsha. Na kesho nitakuonyesha idadi, usije ukasema nimekupa hadithi. Funga mlango, tafadhali."

Mlango ulifungwa. Nilitaka kushukuru, lakini alikuwa ameshanyoosha kidole kwenye ukurasa wa thelathini na mbili.

"Hapa. Soma hapa, hili sikulielewa hata siku ile."

Nilisoma. "*Msichana wa kidato cha kwanza. Alishtakiwa kumcheka mwalimu wa zamu. Alijitetea: Sikucheka, nilibibidua mdomo tu.*"

"La wiki ya ngapi?"

Nilifungua daftari langu. Nikapitisha kidole wiki ya kwanza mpaka ya kumi na sita, nikarudia toka chini kwenda juu.

"Silo langu, Mwalimu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Na kidato cha kwanza siwafundishi. Neno lenyewe mimi ndiyo kwanza nalisoma."

"Maana yake?"

"Kwa mahali lilipokaa..." Nilijaribu. Niliusukuma mdomo wa chini nje, nikaugeuza kidogo, kama mtu aliyeonjeshwa kitu asichokitaka. Mkuu alinitazama, naye akajaribu. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili ofisini, midomo imepinduliwa, mpaka kengele ya saa sita ikatushtua.

"Sasa huyu kalitoa wapi?" aliuliza. "Nyumbani? Au hawa wako wana ukuta mwingine mahali?"

"Sijui."

"Mwalimu wa zamu siku hiyo alikuwa nani?"

Saini ilikuwa imefunikwa na doa la chai. Tuliielekeza dirishani, hatukuisoma. Zilikuwa zimebaki kurasa tisini na kitu, nje wanafunzi walikuwa wanapita kwenda chakulani, na niliposogea dirishani mmoja akakohoa mara mbili, kwa mazoea.

Mkuu aliweka rula kwenye ukurasa wa thelathini na mbili, akafunga daftari juu yake.

"Kesho saa moja," alisema, "kabla ya gwaride. Njoo na penseli yako."